Lundo Nyuma ya Jiko la Mama

Kabla sijaanza kujisifu, nikiri kwanza ujinga wangu, maana nisipousema mimi utasemwa na mtaa mzima, na mtaa wetu hauna aibu. Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa rato, ile reki ya meno ya chuma, nikapewa gunia, na nikapewa nyumba saba pale kwetu Nyamitaba. Nilitakiwa kuondoa majani makavu yote, vijiti vyote na magome yote ya mikaratusi yaliyolala kuzunguka nyumba hizo, kisha niyabebe mpaka kwenye shimo kule bondeni, yakachomwe asubuhi yenye umande. Shimo lilikuwa mbali, na kurudi kutoka kule ni kupanda tu. Jiko la mama lilikuwa hatua ishirini. Basi nikabeba takataka za nyumba saba, gunia baada ya gunia, nikazilundika nyuma ya jiko la mama.

Na nilizipanga vizuri. Magome marefu chini, vijiti katikati, majani juu, yote yameegemea ukuta, kati ya jiko na migomba, mahali asipopita muntu asiye wa nyumbani. Lundo likafika usawa wa paa la nyasi. Mama aliporudi kutoka shambani na jembe begani, alisimama akalitazama kama muntu aliyeletewa ng'ombe.

"Hii yote ya nini?"

"Ya kuwashia moto, mama. Hata mvua irudi, hautatafuta kijiti tena."

Alienda kwa jirani, nikamsikia ng'ambo ya ua: "Mutoto wangu anaanza kuwa na akili." Alasiri ile ile shefu wetu wa kazi alipita, akaona nyumba saba zimefagiwa kama uwanja wa kanisa siku ya ubatizo, akaitikia kwa kichwa. Ukisifiwa na wakubwa wawili siku moja, kwa uvivu mmoja, unaweza kabisa kuamini kwamba umezaliwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, naingia mwaka wa tatu wa sekondari, na kazi nimeiacha kwa heshima, ukiondoa nyusi moja. Najua kumbukumbu za namna hii huandikwa na wazee waliotumika miaka arobaini na wenye koti la sherehe. Mimi nilitumika vakansi moja, yaani likizo moja ya shule. Lakini katika vakansi hiyo nilihamishwa vituo vitatu, nikawa na wakubwa watatu, mmoja wao ng'ombe, na nikaona mambo yaliyoniziba mdomo, kitu ambacho walimu wangu wamekijaribu miaka kumi bila kufaulu. Ninyi wa mwaka wa kwanza mnaotaka kutumika kiangazi kijacho, someni mpaka mwisho.

Wengi wanafikiri kazi yetu ilikuwa kuzima moto. Hapana. Moto wa pori ukishapanda mlima wa Masisi na upepo wa mchana mgongoni, hakuna wa kuuzima. Kiangazi kilichotangulia ulikuwa umekula ghala za maharagwe kwenye mlima wa jirani wakati wenyewe wanatazama na ndoo mkononi. Ndiyo sababu wazee wa kwetu waliunda ekipe, yaani kikosi cha kazi, na kumpa Papa Kubuya uongozi. Alikuwa mkulima wa maharagwe, mfupi, mwenye sauti ndogo na nyusi moja. Ya pili aliiacha kazini zamani na haikurudi.

"Mi sipigani na moto," alituambia asubuhi ile ya kwanza. "Mi namunyima chakula. Akikosa chakula hapa, ataenda kulala njaa kwingine."

Chakula cha moto ni kila kitu kikavu kilichokaa karibu na kingine kikavu. Kwa hiyo tulipogoa matawi ya chini ya miti, ili moto wa majani usipate pa kushika ukapanda mpaka juu. Tulisafisha kuzunguka nyumba. Na chini ya mtaa mzima tulikwangua parefe, yaani ukanda wa udongo mtupu usio na hata unyasi, upana wake hatua kumi za Papa Kubuya, ambazo ni nane zangu. Kisha majani marefu yaliyo upande wa chini tuliyachoma wenyewe, vipande vipande, mapema, kabla jua halijayakausha mpaka ndani. Unachoma kidogo leo ili kesho kusibaki cha kuchoma. Nilipoelezwa hivyo nilicheka. Baadaye niliacha kucheka.

Papa Kubuya alikuwa na kopo la nyanya lenye unga wa mihogo. Kabla ya kuwasha chochote alichukua unga kidogo kwa vidole viwili, akauachia hewani, na sisi sote tukatazama unakokwenda. Kwetu upepo wa asubuhi unashuka, wa mchana unapanda, na katikati kuna kitambo ambapo wenyewe haujui unataka nini. Kitambo hicho njo alikiogopa.

Baada ya unga ulikuja mwito. Kila mmoja alisimama kwenye sehemu yake ya parefe, mgongo ukielekea nyumba anazozilinda, na shefu akauliza kwa zamu: "Nyuma yako iko nani?" Hukujibu jina lako. Ulijibu jina la mama mwenye nyumba iliyo nyuma yako, ukaongeza kama pako tayari. "Mama Riziki, iko safi." "Mama Furaha, iko safi." Mpaka sauti ya mwisho isikike, kiberiti hakitoki mfukoni. Nilimuuliza kwa nini tusijibu kwa namba, kama shuleni.

"Juu ya namba, muntu anadanganya bila shida," alisema. "Juu ya mama ya muntu, anakawia kidogo."

Mimi sikukawia. Siku ya mwito wa kwanza nilijibu kwa sauti nzuri kuliko wote: "Mama Bauma, iko safi." Bauma ni mimi.

Baada ya juma moja tulihamishiwa Mushaki, watu sita na rato zetu, kuwasaidia wafugaji wa kando ya barabara ya Sake. Nilitarajia mkubwa mwenye cheo. Nikakabidhiwa kwa ng'ombe. Mwenye ng'ombe, mzee wa kofia pana aliyeongea akitafuna kijiti, alinionyesha jike mwekundu mwenye pembe zilizopinda.

"Shefu yako njo huyu. Anaitwa Gaju. Pale anakula, weye unahamisha kamba. Pale anakataa, weye unakata na panga. Usimufundishe kazi."

Kule parefe haikwanguliwi kwa jembe tu. Wafugaji wanafunga kamba kuzunguka kipande cha malisho kilicho chini ya nyumba, wanaingiza ng'ombe wachache, na wale wanakula mpaka majani yanabaki mafupi kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule. Kesho wanasogeza kamba. Siku ya kwanza nilimdharau Gaju. Siku ya pili nilifyeka tangu asubuhi mpaka mchana, nikageuka kuona yeye na dada zake wamefanya mara tatu yangu, tena wakipumzika. Hakulalamika mgongo. Na hakuna siku aliyolundika kitu nyuma ya jiko la muntu.

Hapo Mushaki njo nilipoona kwa mara ya kwanza moto unaotii. Papa Kubuya aliwasha juu ya mteremko, upepo wa asubuhi ukishuka polepole, umande ukiwa bado kwenye mizizi. Nilidhani majani yatalipuka. Hayakulipuka. Moto ulikaa chini, mwembamba, usiofika goti, ukashuka mlima mzima kwa mstari mmoja kama watu wanaovuna shamba kwa pamoja, hakuna anayemtangulia mwenzake. Sauti yake ilikuwa ya kutafuna tu. Nyuma yake udongo mweusi, mbele yake panzi wanaruka. Nilikuwa nimeandaa mzaha kuhusu mishikaki. Nikaumeza.

Kisha kile kitambo kikafika. Unga ulikuwa umeanguka vizuri, lakini upepo ulibadilisha wazo kabla ya wakati wake. Mstari ule mtiifu ulisimama, ukanyoosha shingo, ukageuka. Pembeni kulikuwa na mkaratusi mmoja ambao hatukuwa tumeuondolea magome. Gome moja refu kama mkono wangu lilijikunja, likawaka, likapanda hewani polepole kama halina haraka. Lilivuka parefe. Lilivuka barabara, juu ya kichwa cha dereva wa pikipiki aliyekuwa akipita bila habari. Likatua nyuma ya kibanda cha mama anayeuza fromaji, ile jibini ya kwetu, kwenye mabua ya mahindi aliyoyarundika hapo. Ya kuwashia moto.

Sikufika kumi kwa kuhesabu. Lile lundo lilikuwa mabua, kisha likawa nguzo nyekundu ndefu kuliko kibanda, kisha kibanda hakikuwepo. Mama wa fromaji alikuwa upande wa barabarani, hakuguswa. Fromaji nne zilitolewa zikiwa zimeiva nje, na harufu yake ilikuwa nzuri kiasi cha kutia aibu.

Papa Kubuya alituita sote tusimame tuangalie majivu.

"Parefe iko na hatua kumi. Moto haiwezi kuruka hatua kumi," alisema. "Lakini iliona chakula ng'ambo, ikatuma mutoto wake kuchukua."

Lundo la mama wa fromaji lilikuwa gunia moja tu. Langu lilikuwa magunia kumi na manne, limeegemea jiko la nyasi, na jiko letu linagusana na nyumba, na nyumba yetu njo ya kwanza ya nyumba saba zilizobanana. Siku hiyo nilipanda mahali penye rezo ya simu nikampigia mama.

"Mama, vile vijiti unavitumia?"

"Bado. Navichunga kwa ajili ya mvua."

"Tumia tu, mama. Pika sana."

"Kuna wageni?"

"Hapana. Pika maharagwe. Pika hata mara tatu kwa siku."

"Bauma, uko mugonjwa? Vijiti vyako viko salama. Nimevifunika na bashi, nimefunga pembe zote ine. Hata tone haitaingia."

Nilishukuru kwa turubai, nikakata simu. Ungesema nimwambie shefu. Lakini asubuhi hiyo hiyo alikuwa amenikabidhi kopo la unga nilibebe, bila kusema kwa nini, na hakuna muntu mwingine wa ekipe aliyewahi kulishika. Kila nilipofungua mdomo, kopo lilikuwa mkononi mwangu.

Kituo cha tatu kilikuwa Mpofi, upande wa Walikale. Tulipanda gari la mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliyekuwa akipeleka sabuni na chumvi, tukakaa juu ya mizigo, barabara ikatutingisha mpaka nikajua idadi ya mbavu zangu. Milima yetu iliyonyolewa ikabaki nyuma. Tukaingia kwenye miti. Sijui niandikeje. Nimezoea miti iliyopandwa na muntu fulani ambaye jina lake linajulikana. Ile haikupandwa na muntu. Nilitazama juu kutafuta mwisho wake mpaka kofia ikaanguka, na maji yalikuwa yanadondoka ingawa mvua haikunyesha.

Mkubwa wangu kule alikuwa Mama Agronome, mshauri wa mashamba, mrefu, mwenye buti za mpira na panga lisilotoka mkononi. Alikuwa ameomba ekipe ifundishe wakulima kuchoma mashamba mapya bila moto kutoroka kwenda kwenye vibanda na michikichi. Mimi nikaona nimepata likizo.

"Mama, hapa kuna nini ya kuungua? Hata mimi niko nimelowa."

Hakukasirika. Alinipeleka ukingoni mwa shamba lililochomwa siku tano kabla, mahali palipo kimya kabisa, hakuna moshi, kijani kimeanza kutoka. Alifunua tabaka la majani yaliyooza kwa ncha ya panga.

"Weka mukono."

Niliweka. Udongo ulikuwa na joto kama ubavu wa mnyama aliye hai. Chini ya kiganja changu moto ulikuwa unatembea ndani ya mzizi, siku ya tano, polepole, ukielekea kibanda cha watu waliokuwa wamekaa mlangoni wanamenya mihogo.

"Ile unaona imezima, iulize na mukono," alisema Mama Agronome. "Macho inadanganywa."

Siku nne tulichimba mfereji mpaka udongo mwekundu, tukakata mizizi, tukauliza ardhi kwa mikono, hatua kwa hatua, tukipiga magoti kama watu wanaosali. Sijawahi kuheshimu kitu kama nilivyouheshimu ule udongo wa vuguvugu. Na nikapiga hesabu: mpaka hapo nilikuwa nimejua moto unavyotembea, unavyoruka na unavyolala, na nyumbani kwetu nilikuwa nimeutandikia kitanda na kuufunika blanketi la bashi.

Nikaamua kumwambia Papa Kubuya njiani tukirudi. Nilikuwa na safari nzima ya kusema maneno matatu. Lakini mwenye gari aliongea bila kupumua, kuhusu matairi, kuhusu shemeji yake, kuhusu bei ya mafuta ya mawese, na kila alipopumua mimi nilikuwa najipanga. Tulifika kona ya juu ya Nyamitaba saa sita mchana. Gari likasimama lenyewe, na mwenye gari hatimaye akanyamaza.

Bonde lilikuwa limejaa moshi.

Mtu fulani kule chini alikuwa amechoma makala, yaani makaa ya kupikia, akaacha tanuri lake wazi. Moto ulishika majani ya mashamba yaliyolazwa, upepo wa mchana ukauchukua. Nilikuwa nimezoea ule wa asubuhi, unaotafuna. Huu ulikuwa unavuma kama mabati mengi yanayoburutwa juu ya mawe. Mwewe walikuwa mbele yake wakiwadaka panya wanaokimbia, na jua lilikuwa limebaki duara jekundu unaloweza kulitazama bila kufumba macho. Niliona mkaratusi ukishika kutoka chini mpaka kileleni kwa muda wa kusema jina lake. Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini zaidi ya hofu nilitaka kuvua kofia.

Papa Kubuya hakukimbia. Alitembea mpaka kwenye parefe, ambako watu wa mtaa walikuwa wameshajipanga na matawi mabichi na magunia yaliyolowa, akanyoosha mkono kwangu. Nikampa kopo. Unga ulipanda juu ya vichwa vyetu, moja kwa moja kuelekea nyumba.

"Tutafanya kontrefe," alisema. Ndio moto unaoutuma wewe mwenyewe kuupokea mwingine njiani. Unawasha ukingo wa chini wa parefe, moto wako unashuka ukila chakula chote kabla mkubwa hajafika, na wanapokutana wote wawili wanakuta sahani tupu. Lakini cheche zitapanda na upepo, zitatua mtaani, na karibu watu wote wako kwenye parefe. Kila kitu kinategemea usafi wa nyumba zilizo nyuma.

"Nyuma yako iko nani?"

"Mama Riziki, iko safi."

"Nyuma yako?"

"Mama Furaha, iko safi."

Sauti zilikuja zikishuka mstari, moja baada ya nyingine, mpaka kwangu. Nilifungua mdomo. Mdomo ule ambao haujawahi kukosa la kusema tangu ulipoota meno ukakauka.

"Bauma. Nyuma yako iko nani?"

"Mama Bauma," nilisema. "Haiko safi."

Alikuja, mwendo wake ule ule.

"Kuna nini?"

"Magome. Na majani. Ya manyumba saba. Inagusa jiko."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

Alitazama moto, akatazama paa letu. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Kuibeba haiwezekani. Cheche moja, mutakuwa munabeba moto na mikono. Ikiungua sasa, inaungua na watu sita na pompi mbili kando yake. Ikiungua nyuma ya hapa, pale sisi wote tuko kwa parefe, inaungua peke yake, na manyumba yote inaifuata." Akanipa kiberiti. "Jiko inaenda nayo. Weye njo ulipanga, weye njo utawasha."

Mama alikuwa nyumbani, pompi ya kupulizia nyanya mgongoni, akilowesha ukuta wa nyumba kama tulivyowafundisha wote. Nilimwambia nikitazama miguu yake.

"Mama, lazima nichome jiko. Vile vijiti njo vinaleta shida. Nilipaswa kuvipeleka shimoni."

Alinitazama. Akalitazama lundo chini ya bashi lake, limefungwa pembe zote nne kwa fundo zuri. Akaweka pompi chini, akaingia jikoni, akatoka na sufuria ya maharagwe aliyoyaloweka asubuhi, mwiko na kigoda. Kisha alifungua bashi mwenyewe, fundo kwa fundo, akalikunja vizuri, maana bashi halikuwa na kosa. Akarudisha pompi mgongoni, akaendelea kulowesha ukuta.

Tuliangusha paa la nyasi kwa ndani. Watu wawili wakasimama na pompi, wengine na magunia, nikawasha upande wa migomba, ili moto urudi nyuma polepole. Haukurudi polepole sana. Magome ya nyumba saba yalipiga mlio mmoja, nikasikia harufu ya kuku anayebabuliwa, na harufu hiyo ilikuwa mimi. Nyusi ya kushoto. Papa Kubuya alikosa ya kulia, kwa hiyo siku hizi tukisimama pamoja tunatimiza uso mmoja. Lakini ukuta wa nyumba ulishika maji yake, watu sita walishika nafasi zao, na baada ya muda mfupi jiko nililolelewa ndani yake lilikuwa duara jeusi linalofuka. Nilipiga kelele kutoka pale pale juu: "Mama Bauma, iko safi." Sauti haikuwa nzuri kama ya kwanza.

Ndipo shefu akawasha kontrefe.

Nimeshajaribu kusimulia darasani yaliyofuata, nikashindwa. Moto wetu uliteremka mdogo mdogo, na ule mkubwa ukapanda umeinama mbele, mrefu kuliko kanisa. Walipokaribiana, wetu uliacha kutembea. Ulivutwa. Ulikimbia kwenda kwa mwenzake kama umeitwa kwa jina, na mahali walipokutana paliinuka ukuta mmoja uliosimama wima, bila upepo, mpaka sote tukainamisha vichwa. Kisha haukuwepo. Hakuna aliyeupiga. Ulikosa chakula tu. Ukimya ulioshuka ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia mbuzi akitafuna kwa jirani.

Cheche zilinyesha mtaani, nyekundu, polepole. Nilikuwa nimesimama kwenye duara jeusi la jiko letu. Gome moja, refu kama mkono, lilitua mbele ya mguu wangu, mahali kabisa lilipokuwa lundo. Liliwaka, likageuka upande mmoja, likageuka wa pili. Niliona waziwazi kwamba lilikuwa linatafuta. Likazima.

Juma lililofuata shule ilifunguliwa, nami nikastaafu. Jiko jipya nimelijenga kwa mikono yangu, fito na udongo, paa la bati kuukuu, hatua sita kutoka nyumbani. Magunia kumi na manne ya majivu na udongo niliyabeba mpaka shimoni, moja baada ya jingine, na shimo halikuwa limesogea karibu. Siku ya kuniaga Papa Kubuya alizunguka jiko jipya, akatazama nyuma, akaweka kiganja chini, kisha akaniuliza nyuma yangu iko nani. Nilijibu, na kabla ya kuongeza mengine nilikwenda kuangalia tena. Alicheka mara moja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ninyi wadogo msidhani nimekuwa mtakatifu. Mwalimu wa kemia atawaeleza. Lakini siwezi tena kupita chini ya mikaratusi bila kutazama magome yanayoning'inia, na nikiona nyumba yenye uwanja mtupu, uliofagiwa mpaka udongo, naona ni kitu kizuri kuliko maua.

Bado sijasema alichosema mama.

Ilikuwa alasiri ile ile. Mtaa mzima ulikuwa umekusanyika uani kwetu, watu wa parefe, watu wa pompi, mpaka mwenye gari wa Butembo, nyuso nyeusi kwa moshi. Wote walikuwa wanamngojea mama afungue mdomo, maana mtaa wetu unapenda kusikia mtoto wa mwingine akikaripiwa. Mimi nilikuwa nimeandaa maombi matatu ya msamaha, moja likiwa na machozi. Mama alipita katikati yetu, akaingia kwenye majivu, akayasogeza kwa ncha ya kandambili. Mafiga yake matatu yalikuwa yamesimama pale pale yalipokuwa asubuhi. Alichuchumaa, akaweka kiganja karibu na jiwe moja, akakiacha hapo kidogo. Kisha akanigeukia.

"Mafiga ingali na moto," alisema. "Leta sufuria, watu hawajakula."